Jembe, fyekeo, solo au fimbo ya kupaka: ipi kwa magugu marefu ya Tabora?

Ingia duka la pembejeo mjini Tabora mwezi wa pili, sema magugu yamekushinda, na muuzaji atakushushia chupa ya glaifoseti, dawa ya kuua magugu, kabla hujamwambia umelima nini. Si kosa lake peke yake. Sisi wenyewe tumezoea kuuliza "dawa gani?" wakati swali linaloamua mambo ni jingine: kati ya gugu na kile unachotaka kibaki shambani, kipi ni kirefu, na kimemzidi mwenzake kwa kiasi gani?

Kwa pengo hilo la kimo nitalinganisha njia nne: jembe (pamoja na kung'oa kwa mkono), fyekeo, solo ya mgongoni (pampu ya kunyunyizia dawa), na fimbo ya kupaka dawa, ambayo wengi huku hawajaishika. Ninamlenga mtu wa mkoa wa Tabora: mwenye majaruba ya mpunga Nzega au Igunga, mwenye matuta ya karanga Uyui au Sikonge, mwenye ng'ombe na kipande cha malisho popote. Msimamo wangu nautoa mapema. Palizi ya kwanza na ya pili ni kazi ya jembe, na hakuna fimbo itakayoibadili hiyo. Fimbo ni ya kumalizia yale machache yaliyoponyoka, yakapanda juu, na yenye mizizi ambayo jembe linaikatakata bila kuiua. Solo naiachia shamba ambalo bado halina zao.

Fimbo yenyewe

Tatu za mwanzo zinajulikana, kwa hiyo nianze na mgeni. Fimbo ya kupaka ni paipu iliyojazwa dawa ndani, ikiwa na kamba, sifongo au kitambaa kwa nje. Dawa hupanda kwenye kamba kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi wa koroboi, na jani linaloguswa na kamba huondoka na utando mwembamba wa dawa. Hakuna kinachopulizwa hewani. Unatembea nayo ikiwa juu ya zao, inavigusa vichwa vya magugu yaliyochomoza, na zao lililo chini halijui kama umepita.

Si kitu cha jana. Ile ya kamba ilibuniwa mwishoni mwa miaka ya 1970 katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Stoneville, jimbo la Mississippi huko Marekani, kwa ajili ya nyasi ya jamii ya mtama iliyokuwa ikichomoza juu ya pamba na soya. Uingereza na Ireland, wafugaji wa nyanda za juu huitumia kuua majani magumu ya jamii ya Juncus yanayoota kwenye malisho yenye maji, ambayo mifugo huyaacha. Kule huvuta kifaa chenye upana wa mita kadhaa kwa pikipiki ya magurudumu manne, kwa kuwa trekta huzama au kupinduka kwenye miteremko. Wana sababu nyingine pia, ya maji. Dawa ya MCPA waliyozoea kuinyunyiza ilikuwa ikisombwa na mvua hadi kwenye mito ya maji ya kunywa, hivyo kupaka glaifoseti kwenye majani marefu peke yake kukaonekana kuna nafuu. Toa pikipiki na baridi, na hoja inabaki ileile kwa anayelima juu ya bwawa la Igombe au kando ya kijito chochote kinachoelekea Malagarasi.

Dawa inayotumika kwenye fimbo karibu kila mahali ni glaifoseti, na sababu yake inafaa kueleweka, maana inaeleza pia kwa nini watu huikosea. Glaifoseti huingia kupitia jani, kisha husafiri ndani ya mmea pamoja na sukari inayotengenezwa na jani hadi kwenye mizizi. Gugu likiwa linakua vizuri na linapeleka chakula chini, hasa linapoanza kutoa suke au maua, dawa hufika hadi ncha ya mzizi. Gugu likiwa limenyauka kwa jua la Julai, dawa inabaki juu ya jani, unaua kichwa na shina linachipua upya mvua zikirudi. Kwa sababu hiyohiyo usitie kwenye fimbo dawa za kuunguza majani tu: zitababua pale ulipogusa na gugu zima lililobaki litakucheka.

Fimbo ya dukani huku haipatikani kila mahali, lakini fundi bomba anaweza kukutengenezea ndani ya nusu saa. Unahitaji paipu ya PVC ya inchi moja au inchi moja na robo, vifuniko vya ncha mbili, kimoja kikiwa cha kufungua, na kamba laini ya kusuka ambayo ncha zake zinaingia ndani ya paipu kupitia matundu yaliyobana. Mahali penye ugumu ni kwenye matundu. Yakilegea, dawa inadondoka, na fimbo inayodondosha ni mbaya kuliko solo kwa sababu dawa iliyomo ni kali mara nyingi zaidi. Ijaze kwanza maji yenye rangi, itembeze juu ya karatasi au mchanga mkavu, uone. Ikidondosha, kaza upya. Usiipeleke shambani kwa matumaini.

Kuhusu ukali: kwa fimbo za kamba, mchanganyiko uliozoeleka wa glaifoseti ya gramu 360 kwa lita ni sehemu moja ya dawa kwa sehemu mbili za maji. Vifaa vya magurudumu yenye zulia hutumia mchanganyiko mwepesi zaidi, na lebo ya dawa yako ndiyo yenye neno la mwisho. Linganisha na solo: ukinyunyiza shamba zima, kawaida ni lita 3 hadi 4 za dawa hiyohiyo kwa hekta, yaani lita moja na zaidi kidogo kwa eka, na kwa nyasi sugu za mizizi mirefu hata zaidi. Fimbo inatoza kwa gugu, solo inatoza kwa eneo. Magugu yakiwa yametawanyika, lita moja iliyochanganywa inakwenda mbali sana. Yakiwa yamejaa ukuta hadi ukuta, faida hiyo inayeyuka, na unabaki na kazi ya polepole isiyo na sababu.

Majaruba: hapa fimbo ina hoja nzito

Kama kuna mahali pamoja mkoani ambapo ningemshauri mtu atengeneze fimbo wiki hii, ni kwenye majaruba yaliyoingiwa na mpunga mwitu. Gugu hili, Oryza longistaminata kwa jina la kitaalamu, ni ndugu wa mpunga wetu. Likiwa changa hulitambui, na kibarua anayepalilia analiacha kwa heshima akidhani ni zao. Linapotoa suke ndipo linajionyesha, refu, lenye punje zinazopukutika kabla hujaleta mundu. Punje hizo zinakuwa mbegu ya mwakani.

Weka njia zote nne mbele ya gugu hilo. Jembe linakata vishina vyake vinavyotambaa chini ya udongo, na kila kipande kilichobaki chenye fundo kinachipua, kwa hiyo umelipanda upya kwa mikono yako. Kung'oa kunafaa penye mashina machache na udongo ukiwa laini, lakini vipande hubaki chini. Fyekeo haliwezi kuchagua. Solo yenye dawa teule, ile inayoua magugu na kuliacha zao, haina la kufanya, kwa kuwa dawa inayouacha mpunga wa kawaida itauacha na ndugu yake. Kilichobaki cha kuwatofautisha ni urefu, na urefu ndio lugha pekee fimbo inayoielewa. Wakulima wa mpunga wa Italia walifikia hapohapo: hutembeza mihimili ya kupaka juu ya mpunga wao ili kuua mpunga mwekundu unaochomoza.

Lakini hapa uchaguzi wa njia ulianza siku ulipochagua mbegu. SARO 5, ambayo watafiti huiita TXD 306, ni fupi, na mpunga mwitu hujitenga juu yake waziwazi. Supa ni ndefu. Kwenye jaruba la Supa pengo linaweza kuwa dogo au lisiwepo kabisa, na upepo ukiulaza mpunga kidogo, fimbo yako itapaka masuke ya zao. Mwenye Supa, kwa maoni yangu, aiache fimbo. Apite na mundu kukata masuke ya mpunga mwitu kabla hayajapukutika, ayatoe nje ya shamba, kisha baada ya mavuno alime kwa ng'ombe mapema wakati wa kiangazi ili vishina vya chini vianikwe juani. Inachosha, inachukua misimu zaidi ya mmoja, lakini haiui mpunga.

Kwa mwenye mpunga mfupi, ngoja hadi mpunga mwitu umezidi zao kwa shubiri moja. Vitabu vya wenzetu hutaja sentimita 10, lakini hizo ni za kifaa chenye magurudumu kinachokwenda kwa kimo kisichobadilika. Mkono wa binadamu aliyechoka, miguu ikizama kwenye tope, unashuka na kupanda. Paka suke likiwa linatoka, punje hazijawa ngumu. Toa maji kwenye jaruba kwanza kama unaweza: dawa nyingi za glaifoseti huchanganywa na kitu kama sabuni cha kuisaidia kushika jani, na baadhi ya sabuni hizo zina madhara kwa samaki na viluwiluwi kuliko glaifoseti yenyewe. Pita mara mbili, kwenda na kurudi kwa upande wa pili, kwa sababu jani hupakwa upande linapogusana na kamba tu.

Penye mashina ya kuhesabika kuna njia ndogo zaidi ya fimbo. Vaa glavu ndefu ya mpira isiyopitisha dawa, juu yake vaa glavu ya pamba, ichovye ya pamba kwenye dawa, ikamue, kisha shika suke na majani yake kwa kuyapitisha mkononi. Watu wanaorudisha mimea ya asili kwenye ardhi oevu nchi nyingine hufanya hivyo ili wasiguse mmea wa jirani. Usijaribu ikiwa glavu ya ndani ni ile nyembamba ya zahanati.

Matuta ya karanga, na viazi kwa pembeni

Karanga zina jambo linaloitia fimbo nguvu. Zikishatoa maua, vikonyo hushuka na kuingia ardhini, na kuanzia hapo jembe ni adui: ukichokoa tuta unakata vikonyo, na kila kikonyo kilichokatwa ni karanga iliyopotea. Ndiyo maana palizi ya karanga inasisitizwa mapema, na baada ya hapo ni kung'oa kwa mkono. Magugu ya mbegu, kama kishona nguo na bangi mwitu, yang'oe tu. Yanatoka na mzizi wake mzima na huna haja ya kumpa mtu yeyote hela ya dawa.

Tatizo linabaki kwa nyasi za kudumu zinazotoka katikati ya tuta, zile ambazo ukizivuta unasikia zinakatika chini. Ukizilazimisha, unang'oa na karanga. Hapo fimbo inapata nafasi, lakini kwa masharti makali zaidi ya majaruba, kwa sababu glaifoseti inayoingia kwenye jani la karanga itasafiri kuelekea kule unakotarajia chakula chako. Tone moja halibaki pale lilipoanguka. Soma lebo kama inaruhusu matumizi ndani ya zao hilo na ni siku ngapi kabla ya kuvuna. Ikiwa hairuhusu, jibu ni hapana, hata fundi awe na mkono mtulivu namna gani. Kwa eka moja ya karanga za nyumbani, mimi ningekata nyasi hizo kwa kisu usawa wa ardhi, nikaweka alama pale zilipo, nikazishughulikia kwa dawa baada ya mavuno zikichipua na udongo ukiwa bado na unyevu.

Viazi vitamu vikishatandaza marando yake havina haja ya somo refu. Vinafunika ardhi vyenyewe, magugu machache yanayochomoza yanang'olewa.

Malisho na ngitili

Ng'ombe ndio wanaokutengenezea pengo bila malipo. Wanakula nyasi tamu hadi chini, wanaruka ndulele, na baada ya wiki kadhaa eneo lina zulia fupi lenye vichaka vya ndulele vilivyosimama peke yake. Hiyo ndiyo picha inayoifaa fimbo: paka kilichosimama, acha zulia. Solo kwenye malisho hayo inaua nyasi chini ya kila kichaka, na udongo uliobaki wazi unapokea mbegu mpya za ndulele. Fyekeo linakupa malisho mazuri kwa macho hadi vichaka vichipue kwa mashina matatu pale palipokuwa na moja.

Ngitili, malisho yanayotengwa kuwa akiba, ni hesabu nyingine, na ushauri wa jumla hauitoshi. Kwa desturi ngitili hufungwa mvua zikianza na kufunguliwa kiangazi. Wakati wa mvua, gugu likiwa tayari kuipokea dawa, nyasi nazo ni ndefu na pengo halipo. Kiangazi ng'ombe wakishaila, pengo linakuja, lakini gugu limekauka na halinywi dawa. Fimbo inakosa msimu kwenye ngitili. Kinachofaa pale ni kukata shina la ndulele au kichaka kingine karibu na ardhi na kupaka dawa kwenye kisiki palepale, kabla jeraha halijakauka, kwa brashi ndogo. Fanya mwishoni mwa mvua, mwezi wa nne au wa tano, ukitembea kati ya nyasi. Vichaka vilivyokomaa, hata nje ya ngitili, navyo hujibu vizuri zaidi kwa njia hiyo kuliko kwa kupakwa majani.

Eneo likishapakwa, zuia mifugo kwa muda uliotajwa kwenye lebo. Kuna sababu mbili, na ya pili husahauliwa: dawa inahitaji siku za kusafiri hadi mzizini kabla jani halijaliwa, na mimea yenye sumu inaponyauka baadhi yake huwavutia mifugo waliokuwa wakiikwepa. Ndulele ina sumu. Mbuzi mwenye njaa hana subira.

Mahindi, tumbaku, na pale fimbo isipoingia

Mahindi yakiwa na afya ni marefu kuliko magugu yake, kwa hiyo pengo limegeuka na fimbo haina kazi. Hasara kubwa ya magugu kwenye mahindi hutokea wiki sita za mwanzo, na hapo jembe la mkono au palizi ya ng'ombe haina mpinzani kwenye matuta yetu. Kiduha, ambacho watu wa Nzega na Igunga hawahitaji kuelezwa, kinanyonya mizizi ya mahindi na mtama kabla hakijatoka ardhini. Ukikiona, sehemu ya hasara imekwisha kutokea, na kupaka majani yake ni kuchelewa. King'oe kabla hakijatoa maua, maana mmea mmoja hutoa maelfu kwa maelfu ya mbegu ndogo kama vumbi zinazokaa udongoni miaka mingi, na mwakani panda kunde au karanga mahali hapo.

Kwa mahindi zipo pia dawa teule za solo, na 2,4-D ni ya bei nafuu kwa magugu ya majani mapana. Mahali pengine ningeisifu. Tabora, hapana, si karibu na tumbaku. Jani la tumbaku hujikunja na kuharibika kwa kiasi kidogo sana cha 2,4-D kinacholetwa na upepo, na pamba, nyanya na maharage navyo huumia. Ukinyunyiza saa tano mchana na upepo unavuma kuelekea kwa jirani, hutagombana na magugu tena, utagombana na mwenyekiti wa kitongoji. Hapa kulinganisha solo na kifaa chochote kisichopuliza kunakuwa rahisi.

Shamba jipya au lililolala miaka miwili, lililojaa nyasi kifuani, solo inashinda. Hakuna zao la kulinda. Usiinyunyizie nyasi ile kavu na ndefu, ni kumwaga dawa kwenye makuti. Fyeka kwanza, ngoja ichipue hadi kufika magotini ikiwa mbichi, ndipo unyunyize siku isiyo na upepo. Kuichoma moto kunaonekana njia ya mkato, lakini nyasi ya Imperata, ile yenye suke jeupe la manyoya na ncha za mizizi zinazochoma mguu, huishi chini ya moto na kurudi ikiwa peke yake, bila washindani. Moto huo ukitoroka kuingia msitu wa miombo, mizinga ya nyuki ya watu inaungua.

Kwa haraka, hali iko hivi:

| Mahali na gugu | Chaguo la kwanza | La pili | Epuka |
|---|---|---|---|
| Mpunga mfupi, mpunga mwitu juu | Fimbo | Glavu mbili, mundu | Jembe |
| Mpunga mrefu | Mundu, kisha kulima kiangazi | Kung'oa | Fimbo |
| Karanga baada ya maua | Kung'oa | Fimbo, lebo ikiruhusu | Jembe |
| Malisho mafupi, ndulele | Fimbo | Kukata na kupaka kisiki | Solo |
| Ngitili | Kukata na kupaka kisiki | Kung'oa | Moto |
| Mahindi | Jembe, palizi ya ng'ombe | Dawa teule, mbali na tumbaku | Fimbo |
| Shamba lisilo na zao | Fyekeo kisha solo | Jembe la ng'ombe | Kunyunyiza nyasi kavu |

Mambo yanayoua dawa kabla haijaua gugu

Maji ya lambo. Glaifoseti hushikamana na chembe za udongo, tabia inayoifanya isisumbue zao utakalopanda baadaye, lakini pia inayoifanya ife ndani ya ndoo yenye tope. Maji ya kahawia ya lambo ni udongo ulioelea. Tumia maji ya bomba au ya mvua, au yaache maji yatulie usiku kucha na uchote ya juu. Vumbi kwenye majani ya kando ya barabara hufanya kazi ileile ya uharibifu, na umande wa asubuhi wa Machi hulowesha kamba, hupunguza ukali wa dawa na kuifanya idondoke. Ngoja majani yakauke. Mvua ikinyesha ndani ya saa sita baada ya kupaka, jiandae kurudia.

Ndoo ya bati usiiguse. Glaifoseti ikikaa kwenye chombo cha bati la zinki au chuma kisichopakwa rangi hutoa gesi ya haidrojeni, inayoweza kuwaka. Changanya kwenye plastiki.

Upande wa afya watu hubishana, na ubishi una msingi. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliiweka glaifoseti kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Mamlaka za udhibiti za Marekani na Ulaya hazikukubaliana na hitimisho hilo, na Umoja wa Ulaya uliiongezea kibali cha miaka kumi mwaka 2023. Kwangu mimi hilo linatosha kumfanya mtu avae glavu, buti, suruali ndefu na miwani, na asimpe mtoto wa shule fimbo iliyojaa mchanganyiko wa moja kwa mbili. Mwenye solo anavuta ukungu. Mwenye fimbo havuti, lakini akijimwagia, amejimwagia dawa kali. Hatari haijaondoka, imehama kutoka kifuani kwenda mikononi.

Wafuga nyuki wana sababu ya ziada ya kupenda fimbo, maana maua ya magugu yasiyoguswa hayapati dawa, na soko la asali la Ulaya lina kikomo cha masalia ya glaifoseti. Bado, usipake gugu lililo kwenye maua tele karibu na mizinga mchana nyuki wakiwa kazini.

Nunua chupa iliyofungwa na yenye namba ya usajili ya TPHPA, mamlaka ya viuatilifu yenye makao makuu Arusha. Dawa ya kupimiwa kwenye chupa ya soda haina lebo, na umeona mara ngapi nimekurudisha kwenye lebo.

Gharama, kwa namna ya kuzihesabu mwenyewe

Bei hubadilika kila msimu, kwa hiyo chukua kalamu. Piga bei ya kibarua kwa eka mara idadi ya palizi utakazohitaji. Halafu hesabu magugu yaliyochomoza kwenye kipande cha hatua kumi kwa kumi, sehemu tano tofauti za shamba. Ukipata machache, yanayohesabika bila kuchoka, lita chache za mchanganyiko na siku ya mtu mmoja zitamaliza kazi, na fimbo itakuwa nafuu kuliko palizi ya tatu. Ukiacha kuhesabu kwa kuwa ni mengi mno, fimbo itakula siku zako, na tatizo lako ni palizi ya mwanzo iliyokosekana. Solo kwa karatasi ni rahisi kwa eka, ila ongeza kwenye hesabu hiyo thamani ya zao litakaloungua, na ya tumbaku ya jirani.

Ukishamaliza, toa dawa yote iliyobaki kwenye fimbo, isuuze mara tatu kwa maji safi, na mwaga maji hayo juu ya magugu uliyokwisha kuyapaka, mbali na kisima. Kamba iliyokauka na dawa hugandamana na haivuti tena, ibadilishe. Na fimbo iliyowahi kubeba 2,4-D usiirudishe kamwe karibu na tumbaku wala karanga, hata ukiisuuza mara ngapi. Iandike kwa rangi nyekundu uiweke kando.